Mke Mdogo Anauzwa

Tangazo lile aliliandika binti yake, si fundi mwenyewe. Alipotumiwa kwenye simu, fundi alilisoma mara tatu, amekaa kwenye benchi la gereji yake, miwani imemshuka hadi ncha ya pua.

"Gari la michezo linauzwa. Milango miwili, injini ya silinda nane, kijani iliyokolea. Limetunzwa na fundi mwenyewe. Sababu ya kuuza: halitumiki."

Alimpigia binti yake palepale, kwenye duka la dawa alikofanya kazi.

"Hili neno la mwisho umelitoa wapi?"

"Lipi, baba?"

"Halitumiki."

"Sasa ulitaka niandike nini? Mwaka mzima huu umeliendesha mara ngapi?"

Angesema kweli, angemwambia kwamba kila Jumapili asubuhi hulitoa, akalizungusha mtaa mzima polepole, akalirudisha. Na kwamba kabla ya kuondoka huzunguka upande wa pili, hufungua mlango wa abiria na kufunga mkanda kwenye kiti kisicho na mtu. Asipofanya hivyo, kengele hulia.

Mtaani walimwita Mzee Gia. Miaka thelathini na ushei alikuwa akifungua giaboksi za magari ya watu, na masikio yake yalikuwa yamezoea kiasi kwamba lori likipita barabara ya juu aliweza kukuambia gia ipi inakaribia kufa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mkewe, aliyekuwa akishona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, ndiye aliyekuwa na maneno ya wote wawili.

Gari lile lilifika likiwa limebebwa. Mmiliki wa kwanza, kijana wa watu wenye uwezo, alilibamiza ukutani akatoka mzima, na wazazi wake hawakutaka kuliona tena. Fundi alilichukua kama chuma chakavu. Upande wa kushoto ulikuwa umekunjamana kama karatasi iliyofinywa mkononi. Majirani walicheka. Yeye alilifunika kwa turubai nyuma ya nyumba, na kwa miaka saba kila akitoka gereji alioga, akala, kisha akatoka tena na tochi na boksi la spana.

"Mwenzenu kaoa," mkewe aliwaambia wateja wake, sindano zikiwa zimebanwa midomoni. "Mke Mdogo yuko nyuma ya nyumba. Mimi napikia, yeye anapakwa mafuta."

Jina likakaa. Hata binti alikua akiliita hivyo: baba yuko kwa Mke Mdogo. Wakati mwingine mkewe alichungulia dirishani na kuuliza, "Fundi, mwenzangu kaamkaje leo?" naye, akiwa amelala chali chini ya gari, alijibu, "Ana mafua kidogo." Walicheka. Ilikuwa ndoa ya kucheka. Lakini mwanamke yule hakukubali kuingia ndani ya lile gari, hata lilipokamilika, hata lilipopakwa rangi likang'aa mpaka unaona meno yako. "Siwezi kukalia kiti cha mke mwenzangu," alisema. "Nina heshima zangu."

Kitu kimoja tu hakukichekea. Ili kupata giaboksi ya mwisho, iliyobidi iagizwe mbali, fundi aliiuza pikapu yao ya zamani, ile ndefu ya miguu, iliyokuwa ikipanda popote.

"Na siku tukipata shida?" mkewe aliuliza.

"Shida gani? Tutakuwa na gari linalokimbia kuliko gari lolote la mji huu."

Mkewe akarudi kwenye cherehani.

Shida ilikuja miezi mitano baadaye, saa tisa alasiri, siku ya kazi ya kawaida. Fundi alikuwa amerudi nyumbani kuchukua soketi aliyoisahau. Alimkuta mkewe amekaa sakafuni, mgongo ukutani, jasho limemtoka mpaka kwenye kope, mkono umekamata kifua.

"Kinabana," alisema. "Kama kuna mtu kanikalia."

Alimbeba. Gari la jirani lilikuwa limetoka. Akamwingiza kwenye kiti cha abiria cha lile gari la kijani, kiti kilicho chini sana, unachokiingia kama unayetumbukia shimoni. Alipowasha moto, taa nyekundu ya mkanda iliwaka kwenye dashibodi na kengele ikaanza, ting, ting, ting. Mkewe hakuweza kuinua mkono. Fundi aliinama juu yake, akauvuta mkanda, akaufunga.

"Kumbe kiti chake kizuri hivi," mkewe alisema, na akajaribu kucheka.

Kutoka kwao kwenda hospitali kulikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa ya lami, inazunguka mji kupitia mzunguko mkubwa wa barabara. Nyingine ilikuwa ya mkato, ya vumbi na mawe, ina matuta na mfereji mmoja wa kuvuka, lakini inakutoa nyuma kabisa ya geti la hospitali. Kwa pikapu wangeipita bila kufikiri. Fundi aliingia njia ya mkato. Kwenye tuta la kwanza tumbo la gari lilikwaruza jiwe, sauti ndefu ya chuma kikisagwa, na mguu wake ukakanyaga breki.

Hapo ndipo maisha yake yaliposimama, ingawa yeye mwenyewe aliendelea. Kwa sababu mguu ulikanyaga kabla kichwa hakijaamua. Alirudisha gari nyuma, akageuza, akashika lami. Kwenye mzunguko kulikuwa na lori limekwama na foleni imefungana pande zote. Injini ya silinda nane ilinguruma papo hapo, haiendi popote. Alipiga honi hadi kiganja kikamuuma. Alitoka, akagonga vioo vya watu, wakajitahidi kumpisha, lakini wangempisha waende wapi? Dakika arobaini na nane baadaye alifika getini. Wauguzi walikuja na kitanda cha magurudumu, mmoja akashika shingo ya mkewe, akamtazama mwenzake.

"Pole, mzee," alisema. "Si muda mrefu. Ni sasa hivi tu."

Wiki ya pili baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, fundi aliliinua gari kwa jeki akalala chini yake na tochi. Alitafuta jeraha la siku ile. Alilipata: mkwaruzo mwembamba wenye urefu wa kidole. Basi. Hakuna kilichopinda, hakuna kilichovuja. Alikaa kule chini mpaka mgongo ukafa ganzi. Je, alirudi nyuma kwa sababu gari lisingepita? Au alirudi kwa sababu alisikia kitu chake cha miaka saba kikikwaruzwa, na mguu ukakionea huruma kuliko aliyekuwa pembeni yake? Hakumwambia mtu. Binti aliambiwa foleni, na foleni ilikuwepo kweli.

Kengele ilianza siku alipoliwasha tena kwa mara ya kwanza. Kiti kilikuwa kitupu. Taa nyekundu ikawaka, ting, ting, ting, kama kuna mtu amekaa pale hajajifunga. Fundi alijua kazi yake: chini ya kiti kuna kidude kinachohisi uzito, na vidude vya namna hiyo huharibika. Angeweza kukitoa kwa dakika kumi. Badala yake alizunguka, akafungua mlango, akafunga mkanda. Kengele ikanyamaza. Akaendesha.

Mteja wa kwanza wa tangazo alikuwa mfanyabiashara wa simu, kijana mwenye manukato ya kutosha ukumbi mzima. Siku hiyo binti alikuwepo. Alikuwa ameufungua ule mkanda mwenyewe, akisema unalifanya gari lionekane kama lina ugonjwa. Fundi alijikunja kwenye viti vya nyuma, vile vidogo vya kuwekea mikoba kuliko watu, magoti yakimgusa kidevu.

"Mzee, kaa mbele bwana, huku kuna nafasi," kijana alisema.

"Hapa panatosha."

Hawakufika hata kona. Kengele ilianza. Kijana aliangalia dashibodi, akaangalia kiti, akapapasa kiti kwa mkono akidhani kuna begi. Alirudisha gari alikolitoa, akatoka, akasema atapiga simu. Wa pili alikuwa baba mmoja mnene mwenye kicheko kikubwa; alicheka kengele ilipolia, akacheka ilipoendelea, kisha akaacha kucheka. Wa tatu hakutaka hata kuingia. Alikuwa ameshasikia huko mtaani.

"Baba, kitoe hicho kidude," binti alisema. "Wewe fundi, unashindwaje?"

Akakitoa. Alifungua kiti, akachomoa waya, akaufunga ncha kwa utepe wa umeme, taratibu kama anayemfunua mgonjwa. Siku mbili gari lilikaa kimya. Siku ya tatu alipoliwasha kengele ililia.

Alimwita rafiki yake, fundi umeme waliyemwita Volti, mtu asiyeamini chochote kisichopimika. Volti alilala mle ndani mchana mzima, akafunua mazulia, akapima waya mmoja baada ya mwingine. Jioni alitoka akijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Umeme haufiki pale," alisema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hakuna kitu cha kuiliza hiyo kengele." Alikusanya vifaa vyake. "Rafiki yangu, mimi nakupenda, lakini usiniite tena kwa kazi hii."

Mwezi ukapita bila mtu. Kisha akaja mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mabega mapana, amevaa raba na suruali ya kazi. Alisalimia, akalizunguka gari mara moja, akachutama kutazama magurudumu.

"Nimeendesha ambulensi miaka ishirini na mbili," alisema. "Nimestaafu. Miaka yote hiyo nimekimbia kwa ajili ya watu. Sasa nataka kukimbia kwa ajili yangu. Wanangu wanasema nimerukwa na akili."

"Wana haki ya kusema," fundi alijibu, na mwenyewe akashangaa kwamba ametania.

Aliingia nyuma kama kawaida yake. Mwanamke alimtazama kwenye kioo, hakuuliza. Aliendesha vizuri mno. Gia zilipita kama maji. Kengele ilipoanza hakushtuka. Aliiacha ilie kituo kimoja cha basi, viwili, kisha akaweka gari pembeni na kuzima moto.

"Nani alikuwa anakaa hapa?"

"Mke wangu."

"Alifia humu?"

"Humu humu."

Mwanamke aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa anwani anayoijua. Hakusema pole. Labda ni kwa sababu hiyo fundi, akiwa amebanwa mle nyuma, akiongea na kisogo cha mtu asiyemfahamu, alitoa yote: pikapu, njia ya mkato, tuta la kwanza, mguu, mkwaruzo wenye urefu wa kidole. Alichukua muda mrefu. Magari yalipita.

"Njia ile naijua," mwanamke alisema. "Tulikuwa tunapita na wagonjwa waliozidiwa. Wengine walifika. Wengine yale matuta yaliwamaliza."

"Kwa gari hili, je?"

"Sijui. Wewe hujui. Ndiyo maana linakulilia." Aligeuka akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Hili gari nalinunua. Nimeshaamua tangu kona ya kwanza. Lakini kabla sijalichukua, twende ukaipite ile njia. Uendeshe wewe."

"Litavunjika."

"Litavunjika langu."

Walibadilishana. Mwanamke alijikunja nyuma bila kulalamika. Fundi alifunga mkanda wa kiti kile kitupu, akashika usukani, na saa tisa na nusu alasiri, jua likiwa bado kali, aliingia njia ya mkato.

Tuta la kwanza lilikuwa palepale. Chuma kilisaga jiwe kwa sauti ileile, na mguu wake ukaruka kwenda kwenye breki. Aliuona ukienda, akauzuia kama anayemshika mtoto mkono. Akakanyaga mafuta. Gari lilipiga kelele kutoka tumboni, likapita. Tuta la pili lilichukua kipande cha bampa. Kwenye mfereji pua iliingia majini, ikagonga upande wa pili, kitu kikapasuka chini. Magurudumu ya nyuma yalizunguka bure, yakatafuna udongo, kisha yakashika. Bomba la moshi lilikatika, na injini ikaanza kunguruma ovyo kama mnyama aliyejeruhiwa. Wanawake waliokuwa wakianika nguo walisimama na kutazama. Fundi alikuwa akilia na hakujua. Midomo yake ilikuwa ikisema, "Vumilia kidogo, tumefika, vumilia kidogo."

Walitokea nyuma ya geti la hospitali. Mafuta yalikuwa yakidondoka barabarani nyuma yao. Mwanamke aliangalia saa yake, kwa mazoea ya kazi.

"Kumi na saba," alisema.

Fundi alizima moto. Dakika kumi na saba. Gari linapita. Lingepita.

"Angepona?" aliuliza.

"Hilo sitakuambia, kwa sababu silijui. Nimewaleta watu ndani ya dakika tano, wakafa. Lakini ulitaka kujua kama njia inapitika. Inapitika." Alinyoosha mkono kutoka nyuma, akamshika bega. "Sasa shuka. Usikae humu tena."

Alishuka. Alirudi nyumbani kwa miguu, na hakutazama nyuma, si kwa ushujaa, bali kwa sababu shingo ilikataa.

Wengi wangedhani alirudi akiwa mwepesi. Hapana. Miezi kumi na minne alikuwa na swali, na swali lina mlango mdogo wa kutokea. Sasa alikuwa na jibu. Alikaa nalo siku mbili, halafu akavaa shati lake safi akaenda dukani kwa binti yake. Alisubiri mteja wa mwisho aondoke, akamweleza yote akiwa amesimama upande wa wateja, mikono juu ya kaunta.

Binti alisikiliza akipanga vichupa vya dawa ya kikohozi kwenye rafu, akivipanga na kuvipangua. Alipogeuka macho yalikuwa makavu.

"Uliniambia foleni."

"Foleni ilikuwepo."

"Baba. Uliniambia foleni."

"Ndiyo."

"Nenda nyumbani," alisema. "Tafadhali. Sitaki kusema neno nitakalolijutia."

Binti hakupiga simu wiki tatu. Fundi alienda kazini, akafungua giaboksi, akafunga giaboksi. Yule mwanamke alianza kumletea ambulensi za hospitali, kupitia wenzake wa zamani, aliowaambia kuwa pale kuna mzee ana masikio. Fundi alizitanguliza mbele ya gari lolote, na wateja wengine walinung'unika. Siku moja fundi alimuuliza habari za lile gari. Mwanamke alisema amelirekebisha, limekuwa zuri, na kwamba kengele bado hulia baadhi ya siku, hasa wakikaribia makutano ya ile njia. "Namfunga mkanda tu," alisema. "Tunaelewana." Fundi hakuuliza tena.

Jumamosi moja binti alitokea gereji. Alisimama mlangoni; alikuwa amepitia nyumbani kwanza, akaona mahali palipokuwa na turubai, ambapo sasa zilibaki alama nne za magurudumu kwenye udongo.

"Nilikuwa nalikasirikia gari," alisema. "Ndiyo maana nilikusumbua uliuze. Niliona likiondoka, na hasira itaondoka nalo. Sasa limeondoka, sijui nimkasirikie nani."

"Nikasirikie mimi, mwanangu."

"Nimejaribu. Naamka asubuhi nimekukasirikia, ikifika saa nne nakumbuka unavyokunywa chai kwa kupuliza, hasira inakatika. Kesho yake naanza upya." Aliketi kwenye benchi. "Labda itakuwa hivi muda mrefu, baba. Siku nyingine nitakuja, siku nyingine sitapokea simu yako."

"Sawa."

"Usiniambie sawa kama vile ni jambo dogo."

"Si dogo," fundi alisema. "Nitapiga. Usipopokea, nitapiga kesho yake."

Binti aliinamisha kichwa. Nje lori lilipita likibadilisha gia, na baba, ambaye miaka yote asingeweza kulisikia bila kutaja ugonjwa wake, safari hii hakusema neno. Alimsogelea binti yake, akakaa pembeni yake, wakabaki hapo bila kugusana, mpaka mteja wa kwanza wa siku hiyo alipobisha hodi.